Vedasto na Wekundu wa Galaksi

Mwenye wivu ajinyonge, husema watu wa mjini. Vedasto hakuwa na nafasi ya kujinyonga. Alikuwa na studio ya kufungua kila asubuhi, na studio hiyo ilitazamana uso kwa uso na studio ya Festo. Kati yao ilipita barabara moja ya vumbi, nyuma ya soko kuu la Tabora, nyembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya upande huu anapewa pole upande wa pili. Vedasto akiinua macho kutoka kwenye kompyuta yake, alimwona Festo kwenye kompyuta yake. Akitoka kumwaga maji, macho yalimponyoka yakaenda kuangalia pikipiki za wateja zilizoegeshwa mlangoni kwa mwenzake. Na mchana kutwa alimwona Asnath, mke wa Festo, ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya mumewe, vichwa vyao vimeinama pamoja mbele ya kioo kama watu wanaokula sahani moja.

Tusizungushe maneno: alikuwa na wivu. Wala haukuwa wivu wa kumtamani mke wa mtu, maana Vedasto alikuwa Mkatoliki wa kuhudhuria misa, na Dafrosa wake alimtosha na kumzidi. Ulikuwa ule unaoitwa kijiba cha roho, kitu kidogo kigumu kinachokaa kifuani, hakitemeki wala hakimezeki. Festo aliponunua mashine mpya ya kuchapishia, Vedasto alikosa hamu ya ugali. Festo alipougua malaria, Vedasto alimpelekea machungwa hospitalini, na njiani akajikuta anapiga mluzi.

Walianza pamoja hawa. Vedasto alitoka Kwihara, kwa wakulima wa mahindi na karanga. Festo alitoka Sikonge, mtoto wa Mmoraviani aliyerina asali porini. Walifika mjini wakiwa vijana ambao ndevu ndiyo kwanza zinaota, wakapokewa na mzee Shomari, mpiga picha mwenye pazia lililochorwa ndege, ambalo mbele yake nusu ya Tabora ilipigwa picha ikijifanya inasafiri. Mzee alimweka Vedasto mbele kwa wateja kwa sababu ya mdomo wake, na Festo akamweka nyuma, kwenye chumba cha giza cha kusafishia picha, kwa sababu ya utulivu wake. Walilala chumba kimoja, wakaazimana mashati. Kisha mzee akafariki, na kwenye arobaini yake ikatangazwa mbele ya watu kwamba kamera yake kubwa amemwachia Festo. Watu wakasema chanda chema huvikwa pete. Vedasto akaitikia pamoja nao, halafu akaenda kukodi chumba upande wa pili wa barabara.

Tangu hapo walisalimiana kila asubuhi kama majirani wema, lakini hawakukaa tena kwenye mkeka mmoja. Aliyeacha kwenda kwa mwenzake ni Vedasto.

Mambo yangebaki kuwa ya harusi na picha za paspoti kama si Mwalimu Levina. Huyu alifundisha fizikia kwenye sekondari moja ya wasichana pembeni mwa mji, na alikuja kwa Vedasto na picha ya galaksi kwenye flashi, achapishiwe kwa ajili ya klabu yake ya sayansi. Vedasto aliitazama muda mrefu. Aliuliza nani kaipiga.

"Galaksi ni mji wa nyota, Mzee Vedasto," alisema Mwalimu Levina, ambaye hakuweza kuulizwa swali dogo akatoa jibu dogo. "Jua letu na nyota zote unazoziona umeme ukikatika ni wakazi wa mji wetu. Hii hapa ni mji wa wenzetu, mbali sana. Aliyeipiga ni darubini iliyoko Chile, juu ya mlima mkavu. Wanatugawia picha zake bure, sisi tunazitengeneza."

Kilichomvutia Vedasto ni kwamba kamera ya darubini haioni rangi. Picha zote hufika za kijivu, kama kazi za zamani za mzee Shomari. Moja imepigwa kupitia kioo chekundu, moja cha kijani, moja cha bluu. Fundi huzirudishia kila moja rangi ya kioo chake, akazipandanisha kwenye kompyuta, na galaksi ikatokea na rangi zake, imejipinda kama uji uliotoka kukorogwa. Halafu kuna picha ya nne. Hiyo hupigwa kwa kioo kinachozuia mwanga wote isipokuwa uzi mmoja mwembamba wa wekundu, ule unaotolewa na gesi ya haidrojeni ikipashwa moto na nyota changa.

"Ukiona haidrojeni inawaka, ujue hapo nyota zinazaliwa," alisema Mwalimu. "Ni wodi ya wazazi. Ukiichanganya vizuri na zile rangi tatu, galaksi inakuwa hai."

Jumamosi iliyofuata mchana Vedasto alikuwa amekaa kwenye maabara ya shule, katikati ya wasichana wa kidato cha tatu, na mikono yake mikubwa juu ya mausi. Alikuwa hajafurahi vile kwa miaka. Kitu hiki kilikuwa chake. Alikipata mwenyewe, bila mzee Shomari kumpa mtu mwingine. Furaha hiyo ilidumu mpaka Jumamosi ya pili, alipofika akamkuta Festo ameshakaa, na Asnath kando yake na kitenge chake cha kwaya.

"Nimesikia mna mambo mazuri huku," alisema Festo.

"Karibu," alisema Vedasto, na kile kijiba kikajigeuza kifuani.

Ukizijua harusi za Tabora utamwelewa Vedasto kwa kosa alilolifanya. Bi harusi wa huku hataki kufanana na alivyo. Anataka midomo yake iwake mpaka shangazi wa Nzega aione bila miwani. Kwa miaka mingi Vedasto alikuwa amekula kwa wekundu huo. Basi alipopewa picha ya haidrojeni, aliishika kama anavyoshika midomo ya bi harusi: akaipaka rangi nyekundu yote na kuibandika juu ya galaksi nzima. Hakujua kwamba nyota za kawaida nazo hupenyeza mwanga wao kidogo kwenye ule uzi mwembamba, nyota nzee na nyota changa zote pamoja. Kwa hiyo kila kitu kikawa chekundu, kitovu cha galaksi na mikono yake iliyojipinda, na hata nyota za jirani zisizohusika. Galaksi ikatoka kama mtu aliyetafuna pilipili. Wasichana walishangilia, Mwalimu Levina akakohoa.

Festo yeye alikuja na ya kwake baada ya muda. Kitovu kilikuwa na manjano tulivu ya samli, mikono ilikuwa bluu, na kuipita mikono hiyo kulikuwa na vidoa vidogo vya waridi vilivyopangana kama shanga, mahali pake na si penginepo. Alikuwa ameichukua picha ya haidrojeni, akatoa ndani yake mwanga wa nyota kwa kutumia ile picha nyekundu ya kawaida, akapunguza taratibu mpaka nyota zikapotea na gesi ikabaki peke yake. Gesi hiyo tu ndiyo aliyoichanganya, tena kwa uchache.

"Hivi ndivyo inavyotakiwa," alisema Mwalimu Levina mbele ya wote.

"Njoo dukani nikuonyeshe, Vedasto," alisema Festo walipokuwa wanatoka. "Ni kitu kidogo tu."

"Nina harusi mbili wiki hii," alijibu Vedasto. Hakuwa na hata moja.

Miezi ikapita namna hiyo. Vedasto akawa mtu wa kulinganisha. Alikuwa akimaliza picha yake anaipenda, halafu anafungua simu na kuona ya Festo kwenye kundi la klabu, imejaa madole gumba ya watu, na ya kwake inageuka takataka mbele ya macho yake. Alimwomba Dafrosa awe anakaa naye mbele ya kompyuta kama Asnath anavyokaa na mumewe, labda siri iko hapo. Dafrosa aliuza mchele sokoni na alikuwa na mambo ya maana ya kufanya. Alikaa kidogo, akauliza kama ile ni chapati, akacheka mwenyewe.

"Baba Sylvester, wewe unataka picha au unataka kumshinda Festo?"

"Vyote."

"Basi hutapata hata kimoja," alisema Dafrosa, akarudi kwenye mchele wake.

Ndipo shule ikamaliza kujenga jengo jipya la sayansi. Ukutani pa kuingilia, paliachwa mahali pa kutundika picha moja kubwa, pana kuliko kitanda, ya galaksi iliyotengenezwa na mtu wa Tabora, na chini yake liandikwe jina la fundi. Mwalimu Levina aliwapa Vedasto na Festo picha nne zilezile za galaksi ileile, akasema kamati itachagua moja. Vedasto alilitaka jina lake pale kwa namna ambayo hakuwahi kutaka kitu tangu ile kamera ya mzee Shomari. Aliwaza vizazi vya wasichana wakipita chini ya jina lake kila asubuhi na madaftari yao. Aliwaza pia wakipita chini ya jina la Festo, na hilo aliliwaza zaidi.

Siku moja alivuka barabara kwenda kuazima karatasi za laminesheni, ambazo alikuwa nazo za kutosha. Macho hayana pazia. Alisimama mlangoni akawaona wote wawili wameipa kisogo barabara, Festo ameshika mausi na Asnath ananyoosha kidole.

"Hapa pamezidi," alikuwa anasema Asnath. "Punguza. Punguza tena. Basi. Sasa hapa kwenye mkono ongeza kidogo. Hapo, acha hapohapo."

Na Festo alikuwa akitii kama mtoto wa shule.

Vedasto alirudi bila karatasi, na moyo unamdunda kwa furaha mbaya. Kumbe. Kumbe miaka yote hii sifa za Festo ni za mkewe. Kipaji ni cha Asnath, yeye ni mkono wa kubofya tu. Alitembea chumbani mwake akijisemesha, akicheka kwa tumbo, na kabla chai haijapoa alikuwa ameshapanga la kufanya.

Alimfuata Mwalimu Levina shuleni. Akamwambia kwamba kuleta picha zilizokwisha hakuwafundishi wasichana chochote. Kwa nini mafundi wasifanye kazi ya mwisho, ile ya kuchanganya haidrojeni, palepale mbele ya wanafunzi na kamati, kila mmoja peke yake kwenye kompyuta ya shule? Mwalimu alilipenda wazo hilo sana, akamshukuru kwa moyo wake wa kujitolea. Vedasto akapendekeza na siku. Aliipendekeza kwa sauti ya kawaida kabisa, akijua fika kwamba siku hiyo akina mama wa Moraviani walikuwa na mkutano wao Sikonge, na Asnath ndiye aliyeongoza kwaya.

Siku ikafika. Chumba cha kompyuta kilijaa. Mbele walikaa wanakamati, nyuma wasichana wamebanana mpaka madirishani. Festo alivaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alionekana mdogo bila mtu kando yake. Kura ilimpa kuanza.

Vedasto alisubiri aanguke, lakini Festo hakuanguka. Aliifungua picha ya haidrojeni, ya kijivu, akageuka kwa wasichana na kuanza kuwaeleza, yeye asiyekuwa msemaji, kwa upole na mpangilio, namna ya kutoa mwanga wa nyota. "Msiwe na haraka. Punguzeni mpaka nyota zife, lakini gesi isife. Mkiona nyota zimeacha mashimo meusi, mmepitiliza, rudini nyuma." Kwenye kioo cha kompyuta nyota zilififia kweli, moja baada ya nyingine, na ikabaki gesi peke yake, mawingu madogo ya kijivu yaliyotapakaa kwenye mikono ya galaksi. Hata mwenyekiti wa kamati, aliyekuja kwa ajili ya soda, aliinuka kitini. Vedasto alikaa amekunja ngumi. Huyu mtu alikuwa fundi, hakuna Asnath wala nani. Na kwa sababu wivu haukatai elimu, aliikariri kila hatua ili aitumie zamu yake ikifika.

Kisha Festo akafika mahali pa kuipa gesi rangi. Kompyuta ya shule ilikuwa na programu ngeni kwake. Badala ya namba alizozizoea dukani, ilitoa gurudumu la rangi zote, uchague kwa jicho. Festo alisita. Akasogeza mausi, akasita tena, akabofya. Gesi ikaingia kwenye galaksi ikiwa na rangi ya kijani iliyofifia, kijani cha jani la tumbaku ambalo halijakauka vizuri.

Wasichana walitazamana, lakini Festo alikuwa mtu mzima, na mtoto wa Tabora hamwambii mtu mzima kwamba amekosea. Mwalimu Levina alifungua mdomo, akaufunga, kwa kuwa aliwahi kuona mafundi wa nje wakiipa haidrojeni rangi yoyote waitakayo. Makofi yakapigwa, mepesi.

Festo aliyasikia makofi yale. Aligeuka kwenye kiti, akatafuta katika nyuso zote, na uso alioutafuta ulikuwa wa Vedasto.

"Vedasto," alisema, "hii vipi?"

Hayo yalikuwa maneno ya zamani. Rangi ilipoingia kwenye studio ya mzee Shomari, Festo alikuwa akitoka na kila picha mpaka mlangoni penye mwanga, anamshikisha Vedasto, na kuuliza hivyohivyo: Vedasto, hii vipi? Naye alikuwa akimwambia uso umekuwa mwekundu mno, au gauni limekosa rangi, au iko sawa. Maelfu ya picha. Vedasto alidhani ni unyenyekevu, na ulimpendeza. Sasa, mbele ya ile galaksi ya kijani na macho tulivu yanayosubiri, alielewa kitu ambacho mtu aliyelala naye chumba kimoja alikuwa amemficha maisha yote. Festo haoni wekundu. Hajawahi kuuona. Fundi wa picha asiyeona nyekundu ni mpishi asiyesikia ladha, angelisema hilo wapi katika mji huu akabaki na mteja? Kile kiti cha plastiki hakikuwa cha mahaba wala cha kipaji. Kilikuwa ni kazi ya Vedasto mwenyewe, aliyoiacha siku alipovuka barabara kwa hasira, na Asnath akaiokota.

Aliyaelewa yote hayo. Tena aliyaelewa vizuri, na alikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Lakini kijiba kilikuwa na mdomo wake, na mdomo huo ulikuwa mwepesi kuliko wa mwenyewe.

"Iko sawa," alisema Vedasto.

Uso wa Festo ukatulia. Alitingisha kichwa kumshukuru, akaihifadhi picha, akainuka.

Vedasto akakaa kwenye kiti kilekile chenye joto la mwenzake. Alitoa mwanga wa nyota kama alivyofundishwa muda mfupi uliopita, akachagua waridi, akaichanganya gesi kwa uchache. Ilitoka nzuri. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza, na kamati haikuhitaji hata kutoka nje kushauriana. Festo alikuwa wa kwanza kumpa mkono.

Mtu akipata alichokitamani hutegemea kifua kitapoa. Cha Vedasto kilipoa siku chache. Picha ilitundikwa, jina likaandikwa, Dafrosa akaja kuliona na kusema kwamba sasa walau si chapati. Kisha asubuhi moja Vedasto akafungua studio yake, akainua macho, na kwenye dirisha la Festo, mbele ya barabara nzima, akaiona galaksi ya kijani, imechapishwa kubwa na kuwekewa fremu.

Festo alivuka mwenyewe siku hiyo, na kopo la asali ya Sikonge mkononi.

"Hii ya pongezi," alisema. "Ulistahili, bwana. Ya kwako ilinishinda, lakini hata mimi sikufanya vibaya, au siyo? Nimeifanya peke yangu ile. Asnath anasema ni ya kijani. Tumegombana. Alikuwa ameniambia nisiende bila yeye, sasa anataka ionekane sikuweza. Nikamwambia, Vedasto aliiona, tena mbele ya watu, akasema iko sawa. Vedasto hajawahi kunipa rangi ya uongo tangu kwa mzee Shomari. Sasa nimwamini nani?"

Vedasto alisema asali ni nzuri.

Kiti cha plastiki kikabaki kitupu. Asnath alikuwa mwanamke mwenye heshima zake. Kama neno lake halina thamani, alisema, basi lisisumbue watu, akaingia uani kwake. Festo akabaki mbele ya kompyuta peke yake, amenyooka, mwenye kujiamini. Haikuchukua muda, ndugu msomaji. Picha za kipaimara zikatoka na watoto wenye nyuso za kijivu. Bi harusi mmoja kutoka Ulyankulu alirudishiwa picha zake akiwa na midomo ya rangi ya mchicha. Wateja hawakumwambia Festo kitu. Walilipa, wakashukuru, na mara ya pili wakaegesha pikipiki zao upande wa pili wa barabara. Vedasto sasa alikuwa na jina ukutani, wateja mlangoni, na mwenzake alikuwa ameketi peke yake kama yeye alivyokuwa akiketi. Hakuna alichokuwa amemwonea wivu Festo ambacho Festo bado alikuwa nacho.

Yule bi harusi wa Ulyankulu alikuja na picha zake, atengenezewe upya. Alizimwaga mezani akicheka mpaka machozi. "Baba, hebu nitazame, shikamoo yako kwanza, hivi mimi nimekula majani?" Ndugu zake nao wakacheka. Vedasto aliitikia marahaba, akazitazama zile picha, na mwanga ulikuwa umepangwa vizuri sana, kivuli cha shavu kiko mahali pake, macho yana uhai. Ilikuwa kazi ya fundi mkubwa aliyeharibiwa na neno moja. Alitaka kucheka na wateja, kicheko kikakataa. Akawaomba wasubiri, akavuka barabara.

Alimkuta Festo anapangusa vumbi kwenye fremu ya dirishani.

"Festo," alisema, "hiyo picha ni ya kijani."

Festo aliendelea kupangusa. "Imeanza lini?"

"Tangu siku ile pale shuleni."

"Na wewe uliiona hivyo?"

"Niliiona."

"Nilipokuuliza."

"Ulipouliza, niliiona ni ya kijani. Nikasema iko sawa. Nilikuwa na wivu, Festo. Nimekuwa nao muda mrefu. Nisamehe."

Festo aliweka kitambaa chini. Hakupandisha sauti, na Vedasto, aliyekuja tayari kwa matusi, hakujua aweke wapi mikono yake. Festo aliitoa ile galaksi dirishani, akailaza kifudifudi juu ya meza, akasimama akiutazama ukuta wa nyuma. Pale palikuwa na picha yake ya harusi, yeye na Asnath vijana kabisa, aliyoisafisha kwa mikono yake kwa mzee Shomari. Shada la maua la Asnath lilikuwa jekundu, la waridi bichi, na midomo yake imetulia katika rangi yake ya kweli.

"Na ile?" aliuliza. "Ile nayo nilikuuliza. Ukaniambia iko sawa."

Vedasto aliitazama picha kwa uangalifu, kipande kwa kipande, kama mtu anayetafuta kosa huku akimwomba Mungu asilione. Hapakuwa na kosa.

"Ile iko sawa, ndugu yangu," alisema. "Haki ya Mungu, iko sawa."

Festo aliitazama picha, akamtazama yeye, kisha akageuka kuelekea mlango wa uani.

"Asnath," aliita, "njoo mara moja uniangalizie."